Hatua Thelathini Kutoka Nguzo ya Nne

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari. Ukungu hadi saa tatu asubuhi, kisha jua kali, upepo mdogo kutoka juu. Saa saba mchana kipimajoto cha ukutani nyumbani kwa Fundi kilisoma nyuzi ishirini na sita, ambalo ni joto jingi kwa mwezi ule.

Fundi alikuwa sebuleni, mguu wa kulia juu ya stuli, goti limevimba kama andazi. Mtu aliyetembea juu ya barafu miaka kumi na minne bila hata kuchubuka kidole alikuwa ameteleza bafuni kwake, juu ya kipande cha sabuni, Ijumaa jioni. Habari hiyo ilifika kazini kwake, kituo cha watafiti wa barafu, kabla yake. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe, akamletea zawadi: sabuni mpya ya kufulia, mche mzima, imefungwa kwenye karatasi ya gazeti.

"Hii ni ya mazoezi, shemeji," alimwambia. "Ukiimudu hii, mlima utaurudia."

Ni kweli kwamba yeye ni fundi wa bomba. Alikuwa akifunga mabomba na kuziba yanayovuja, mpaka watafiti wa barafu walipofika mjini na mashine yao ya mvuke, ile inayotoboa barafu kwa maji yanayochemka, nayo imegoma. Wakaulizia mtu wa mabomba. Alikuja na mkoba wake, akafungua, akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akaziba, akafunga. Nusu saa tu. Walimwomba abaki siku tatu awasaidie, na siku hizo tatu ndizo hazijaisha mpaka leo.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Juu kule, kwenye ule ulimi mrefu wa barafu unaoshuka katikati ya miamba, zimesimamishwa nguzo tisa. Wanaziita nguzo, ingawa ni mabomba membamba ya plastiki, ya mita mbili mbili, yaliyounganishwa na kuzamishwa kwenye tundu. Barafu ikiyeyuka, bomba linajitokeza. Fundi anapima kwa utepe kutoka kichwa cha bomba hadi kwenye barafu, anasoma mara mbili, anaandika. Tofauti kati ya safari hii na iliyopita ndiyo barafu iliyokwenda. Miaka ya mwanzo tofauti hiyo haikufika magotini. Siku hizi huwa inampita kiuno, na kuna mwaka alipanda akakuta nguzo ya kwanza imelala chali, yote iko nje, hakuna kilichobaki cha kuishika.

Daftari zake ni za jalada gumu, moja kwa kila mwaka. Anaandika kwa penseli akiwa mlimani, kwa sababu wino huganda, kisha nyumbani ananakili kwa kalamu, kwa mwandiko ulionyooka ambao Dakta huwaonyesha wageni. Dakta ndiye mkuu wa utafiti, mama wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwepesi wa miguu, mzito wa kusifia. Fundi amemsikia akisifia vitu viwili tu: chai ya mpishi wa kibandani, kile wanachokilala mlimani, na mwandiko huo.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, walipanda bila yeye. Alikwenda shemeji, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akibeba mizigo mpaka kibandani na kuishia hapo. Kwa kuwa hajawahi kuvuka barafu yenyewe, Fundi alikaa Jumamosi nzima akamwandikia njia kwenye karatasi moja safi: kutoka nguzo hadi nguzo, hatua ngapi, upande gani, wapi pana nyufa zilizofunikwa na theluji. Mwenyewe hakuwahi kuihitaji karatasi kama hiyo. Miguu yake inajua. Kwa hiyo aliichukua njia kutoka kwenye daftari la miaka mitatu nyuma, ambalo lilikuwa na michoro mizuri kuliko yote.

Jumanne hiyo, kwa kukosa la kufanya, alianza kupitia daftari za zamani, moja baada ya nyingine. Mkewe alikuwa chumba cha pili akishona sare za shule. Cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Kama saa nane hivi Fundi alifika kwenye daftari la mwaka jana, ukurasa wa mwezi wa nane. Palikuwa na mstari mmoja, mwandiko wake mwenyewe: Nguzo ya nne imetobolewa upya mahali pake pa mwanzo, mita 23 juu ya ile ya zamani. Ya zamani imeng'olewa.

Aliusoma. Akageuza ukurasa. Akarudi, akausoma tena.

Barafu haitulii. Inateremka polepole, mwaka hadi mwaka, na nguzo zinateremka nayo. Ikifika mahali nguzo imekwenda mbali mno, inang'olewa, inatobolewa nyingine pale ilipoanzia, na mpya inarithi namba ile ile. Ni kazi ya kawaida. Fundi ameifanya mara nyingi, na hiyo ya nne aliitoboa kwa mikono yake. Lakini karatasi aliyompa shemeji ilisema: Kutoka nguzo ya nne, hatua thelathini kushoto, ndipo upande juu. Hizo zilikuwa hatua za kutoka nguzo ya zamani. Zilikuwa zinakuzungusha chini ya ufa mkubwa. Ukizihesabu kutoka nguzo mpya, mita ishirini na tatu juu zaidi, zinakupeleka katikati ya ufa wenyewe, na ufa huo umefunikwa na theluji laini kiasi kwamba huwezi kuuona hata ukiinama.

Alichukua penseli akachora. Akapima kwa rula. Akafuta, akachora upya, akitumaini kwamba amekosea kuchora. Mara tatu ilitoka vilevile.

Cherehani ilisimama. "Umetulia sana," mkewe alisema kutoka kule. "Umelala?"

"Hapana."

"Goti?"

"Goti halina neno."

Alijaribu kupanga mambo kichwani. Wanalala kibandani leo. Wanaingia kwenye barafu kesho saa kumi alfajiri, theluji ikiwa imegandamana. Kituo kinaongea na kibanda kwa simu ya upepo kila siku saa kumi na moja jioni, na muda mwingine wote kibandani wanaizima, kwa sababu betri ni kuukuu. Kwa hiyo muda upo. Akifika kituoni saa kumi na moja, ataongea na shemeji, atamwambia akate ule mstari, basi. Muda upo. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Saa tisa alishindwa kukaa. Alichukua daftari mbili, fimbo, akafungua mlango taratibu.

"Wewe! Unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kituoni mara moja. Nimesahau kitu."

"Kitu gani kisichoweza kuletwa?"

"Karatasi," alisema, na hakugeuka nyuma, maana mkewe ana macho ya kupima nguo bila utepe, na uso pia anaupima hivyo hivyo.

Kutoka nyumbani hadi kituoni ni dakika kumi na tano kwa mtu mzima wa miguu. Alitumia dakika hamsini. Alipita ukuta wa shule, duka la vifaa vya ujenzi, gereji ambako mtu mmoja alimpigia kelele, "Fundi! Umeoga leo?" naye akainua fimbo bila kucheka. Njia nzima alikuwa anahesabu hatua. Kila alipofika thelathini, alisimama.

Kituo ni nyumba ya vyumba vitatu: stoo ya vifaa, chumba cha ramani, na ofisi ambamo karani anakaa na simu ya upepo, birika la umeme na paka asiye wake. Karani ni binti mcheshi, asiyeogopa mtu.

"Aa, mgonjwa wetu. Umekuja kututazama tunavyofanya kazi?"

"Waite kibandani."

"Saa kumi na dakika tano sasa. Wamezima."

"Waite tu, mwanangu."

Karani alimtazama, akaacha kutabasamu. Akavuta kiti cha pili, akamsukumia, akabonyeza kitufe. "Kituo kwa kibanda. Kituo kwa kibanda. Unanipata? Ova." Mlio mkavu tu, kama mtu anakaanga kitu mbali. Akarudia. Akarudia. Fundi alimwambia kuna nini, kwa sentensi mbili, daftari zikiwa wazi mezani. Karani aliendelea kuita kila baada ya dakika tano, na katikati alimpa chai ambayo haikunyweka.

Saa kumi na moja kamili walijibiwa. Alikuwa mpishi.

"Kibanda nakupata, sauti safi kabisa. Mbona leo mna haraka, kuna harusi? Ova."

Fundi alinyakua kile kipaza sauti. "Mpishi, mimi Fundi. Mpe shemeji. Ova."

"Shemeji yako hayupo. Wametoka na Dakta saa tisa. Dakta kaangalia juu kaona wingu linajikusanya, kasema kesho hapatasomeka, bora waanze leo wafike angalau nguzo ya tano kabla ya giza. Ova."

"Saa tisa? Theluji laini vile?"

"Nilisema hivyo hivyo, nikaambiwa nikapike. Ova."

Karani aliweka mkono mdomoni. Kutoka kibandani hadi nguzo ya nne ni mwendo wa nusu saa tu, lakini kwa kusimama na kupima kila nguzo huchukua saa mbili. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Fundi aliona saa ya ukutani ikisema kumi na moja na dakika tatu.

"Mpishi, sikia. Unawaona?"

"Ngoja." Kimya. Mlango. Kimya. "Nawaona wawili, wadogo kama sisimizi, wamefungana kamba. Wamesimama kwenye nguzo. Ova."

"Nguzo ya ngapi?"

"Baba, mimi nahesabu vitunguu, nguzo sizijui. Wamesimama, mmoja ameshika karatasi. Ova."

"Wazuie. Wapigie kelele, fanya lolote, wasiende kushoto. Kushoto ni ufa. Umenielewa? Wasiende kushoto!"

Mpishi hakuzima hata redio. Walisikia kitu kikianguka, kisha sauti ya mwiko wa chuma ukigongwa kwenye sufuria kubwa, gwa gwa gwa gwa, na mtu mnene akikimbia huku akipiga mayowe, mpaka vyote vikafifia, ukabaki upepo wa mlangoni.

Ndipo mkewe alipoingia. Alikuwa amebeba koti lake, utepe wa kupimia bado uko shingoni. "Umetoka bila koti, na jioni…" Alimwona karani, akamwona mumewe, akaona daftari.

"Mdogo wangu ana nini?"

Fundi hangeweza kumdanganya hata kama angetaka. Alimwambia: nimemwandikia njia vibaya. Nimenakili ya zamani. Njia inaingia kwenye ufa, na wako pale sasa hivi, na mpishi amekwenda kuwaita.

Mkewe hakulia wala kupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha karani, akaliweka koti mapajani, akaanza kulikunja. Akalikunja likawa dogo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulisoma mara mbili?" aliuliza. "Wewe unayesoma kila kitu mara mbili?"

"Nilisoma mara mbili. Nilisoma ukurasa ambao sio."

Ofisi ile ina dirisha linalotazama mlimani, lakini saa hiyo wingu lilikuwa limekwishashuka hadi nusu, na juu hapakuonekana kitu. Saa kumi na moja na robo. Na nusu. Paka alipanda mezani akalala juu ya ramani, na hakuna aliyemfukuza. Karani alijaribu kusema kwamba mpishi ana sauti, kwamba siku moja alimsikia akigombana na mtu wa gesi kutoka barabarani. Aliishia katikati.

Saa kumi na mbili kasoro dakika saba, redio ilikohoa.

"Kituo, kituo. Huyo Mzee Sentimita yupo hapo? Ova."

Ni shemeji peke yake aliyemwita Fundi hivyo; mkewe aliinama, akaficha uso ndani ya koti.

"Nipo, shemeji. Uko mzima?"

"Mzima nusu. Nimefika hatua ya ishirini na nne, mguu wa kushoto ukazama mpaka kwenye paja. Nikasema hii theluji vipi leo. Nikauchomoa, niendelee, si umeandika thelathini? Karatasi ya Fundi haikosei. Mara nasikia kengele za kanisa. Nageuka, namwona mpishi anakuja na sufuria yetu ya chakula cha usiku, haina kitu ndani. Dakta akavuta kamba nikalala chini. Tukachoma fimbo ya kupimia pale nilipokuwa nataka kukanyaga. Ikaingia yote, shemeji. Yote, mita tatu, na haikugusa kitu. Ova."

Mkewe alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mumewe. "Wewe mjinga."

"Dada! Na wewe upo? Kumbe kikao cha ukoo."

"Mguu ukizama unarudi nyuma. Huendi mbele. Hata mtoto anajua."

"Si mume wako kaandika…"

"Nitamshughulikia. Wewe rudi nyumbani."

Fundi aliomba msamaha. Alisema kosa lake lilivyokuwa, polepole, namba na tarehe, hewani, ambako vituo vingine vya mlimani navyo husikiliza. Shemeji alisema basi, yameisha, ila ile sabuni anaidai irudishwe. Kisha sauti ya Dakta ikaingia, ya mtu ambaye bado hajapata pumzi yake.

"Fundi. Nimekuelewa. Nguzo ilirudishwa juu, na mimi pia nilikuwepo, nilipaswa kukumbuka. Sasa sikiliza. Kesho alfajiri bado tunaweza kuwa na saa mbili kabla ya wingu kutufunika. Una michoro yote hapo. Nipe namba mpya ya kupita, kutoka nguzo ya nne mpya. Ova."

Mkewe aliinua kichwa.

Fundi alikuwa amekwishapiga hesabu. Aliipiga wakati wanasubiri, kwa sababu mikono yake isingekaa bure. Kulia, hatua kumi na mbili, kisha moja kwa moja. Ilikuwa pale pembeni mwa ukurasa, imezungushiwa duara.

"Sina namba, Dakta. Ova."

"Nakujua. Umeshaipiga."

"Nimeipiga, imetoka, na siisemi. Ufa ule sijauona tangu mwezi wa nane. Joto la mwezi huu umeliona. Mdomo wake unaweza kuwa umepanuka, unaweza kuwa umezaa mwingine. Hii ni namba ya karatasi tu. Ya leo nayo ilikuwa ya karatasi."

"Vipimo vya nguzo ya tano hadi ya tisa havina pengo kwa miaka kumi na minne. Hakuna mlima mwingine wenye mfululizo kama huu. Wingu likikaa, litakaa mpaka mwezi wa nne. Unaelewa unaniambia nini?"

"Naelewa. Mfululizo ule nimeuandika mimi."

Karani aliangalia kucha zake.

"Ungekuwa wewe ungepita?" Dakta aliuliza.

"Mimi ningepita. Ningekwenda na fimbo, hatua kwa hatua, nikichoma. Lakini mimi nina goti, na huyo uliye naye hajui barafu inavyolia kabla ya kukatika. Rudini, Dakta. Pengo liwe juu yangu."

Fundi akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Sawa," Dakta alisema mwishowe, na haikuwa sauti ya kusifia. "Tunashuka kesho. Ova na mwisho."

Wakirudi nyumbani, mkewe alimshika mkono kwenye ngazi za kituo, akauachia walipofika barabarani. Alimfunga goti kwa kitambaa cha maji baridi, akampa chakula, akarudi kwenye sare zake. Cherehani haikwenda. Alikuwa amekaa tu mbele yake. Kisha akasema, bila kugeuka, "Zilibaki hatua sita," na Fundi akasema, "Sita."

Asubuhi yake, Jumatano, wingu lilikuwa limeufunika mlima mpaka kwenye miti. Fundi aliamka saa kumi na moja, akatoka kabla mkewe hajaamka, akafika kituoni karani akiwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Aliomba kitabu kikubwa cha vipimo, kile ambacho huwa anakijaza mwishoni mwa safari. Akakifungua kwenye mwezi wa pili. Mbele ya nguzo ya kwanza mpaka ya nne aliacha wazi, shemeji angeleta. Mbele ya nguzo ya tano, ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa aliandika kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari, neno moja: Haikusomwa. Kwenye safu ya mwisho, ya sababu, hakuandika hali ya hewa, ingawa karani, akichungulia begani, alimwambia kwamba hali ya hewa nayo ni kweli. Aliandika: Kosa la mwandishi wa njia. Akaweka saini na tarehe, akausubiri wino ukauke. Kisha akatoka na fimbo yake, akaketi kwenye benchi la nje, upande wa barabara inayoshuka kutoka mlimani, kumsubiri Dakta.